Mato ya Barnabé pa Kivuko ya Mama Gertrude

Likasi, tarehe 8 mwezi ya tano 1962

Kwa yaya yangu Émérence, malkia ya moshi, pa kivuko ya Kisunka, kule ku lac,

Jambo yaya. Minye niko muzima, na weye kama unasoma hii basi uko muzima. Salamu ilishaisha, tuingie mu mambo.

Samaki ilifika! Camion ya makala ilishusha kitunga asubui mbele ya mulango, na harufu yake ikaita bantu ya avenue yote, ata bale habakuniita ku harusi yao. Mbele nifungue muzuri, Suzanne wa ku soko alishaingiza mukono ndani. Sikumusalimia, hakunisalimia, samaki njo ilisalimiwa. Unajua vile anauzishaka: hapime na kilo, anapanga lundo, lundo, lundo juu ya bâche, ile turubai yake, na kila muntu anachagua lundo yake. Saa sita bâche ilibakia wazi, na mama mbili banavutana mukila ya kambale sawa batoto.

Yaya, mu town nyama haionekane. Barabara leo inafunguka, kesho basoda banaweka barrière. Bantu banasema Katanga ni inchi mupya. Bon, inchi ni mupya, lakini tumbo ni ile ile ya zamani.

Njo nikafikiri. Bwato moya ya shemeki Adrien, bwana yako, ni kintu gani mbele ya town muzima yenye njala? Unamukumbuka Urbain, ule wa shingo murefu, tulikuwa naye ku masomo ya Mulungwishi, tukashindwa hesabu pamoja siku moya? Ku usine, ku kiwanda, kazi yake ilishaisha. Eko na bibi, eko na batoto, eko tu anakala mbele ya nyumba anaangalia barabara. Minye nikapata bwato ingine, mato mbili ya muti ya nguvu, usiniulize namna gani. Urbain anakuya nayo na bandugu yake.

Tafazali yaya, uende kwa Mama Gertrude, mwenye kivuko, umupelekee kikombe ya munkoyo vile inafanyikaka, useme ni bantu yako. Weye njo ulinibeba mu mugongo, umubebe na Urbain, shingo yake itainama.

Ni minye mudogo yako, Directeur Général ya samaki,
Barnabé

(Kalamu ni ya kuazima, mwenyewe eko ananyoosha mukono.)

*

Kisunka, tarehe 3 mwezi ya sita 1962

Bwana Directeur Général,

Nilicheka mpaka Adrien akaniuliza kama niko na homa.

Urbain alifika na bandugu yake na mato mbili. Shingo niliiona mbele ya muntu. Nikapika munkoyo, nikaiacha mpaka ikakomaa muzuri, nikaenda nabo kwa Mama Gertrude. Unamujua: sikio moya haisikie, basi anazania siye wote hatusikie, anaongea sawa anaita muntu ngambo ya mayi. Baba yake njo alifunguaka hii kivuko. Akaniuliza:

«Hawa ni bantu yako?»

«Ni bantu yangu, mama.»

Akakunywa yote, akapanguza kinywa. «Bon. Mambo ikiharibika, bale ba town sitabatafuta. Nitakuya kuvunja kichanja yako, weye na Adrien mutafunga mizigo.»

Nilicheka. Yeye hakucheka. Unajua kichanja yangu njo shamba yangu. Pa hii kivuko, muntu akikosa fasi ya kukaushia samaki, hana fasi ya kukala.

Na kintu moya tena, mudogo. Mwaka ya kupita wavu moya ilijazaka kitunga moya. Sasa, kujaza kile kitunga, tunatupa nyavu tatu, na samaki yenyewe iko tudogo tudogo. Ufikiri kidogo.

Batoto banakusalimia. Kadogo anauliza kama Directeur anavaaka viatu.

Yaya yako,
Émérence

*

Likasi, tarehe 19 mwezi ya saba 1962

Yaya wa roho yangu,

Muambie kadogo Directeur anavaaka viatu siku ya Mungu, na moya iko na tundu.

Nilifikiri! Nilisoma barua yako mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili (ni ile ile), nikasema: Barnabé, yaya anaomba nyavu, haya njo inamuzuia kusema wazi. Weye uko hivyo tangu zamani. Ukiwa na njala, unauliza kama bengine balikula. Wavu moya haitoshe, iko lazima tatu? Basi kwa nini shemeki yangu ateseke na ile ya zamani?

Angalia sasa chini ya camion. Nyavu ya nylon, mupya, majicho mudogo sana, ata samaki yenye kuzaliwa jana itaomba ruhusa ya kupita na haitaipata. Na mato mbili ingine, na bantu yake, marafiki ya Urbain, bantu ya heshima, moya tu njo anaimbaka vibaya. Ubapeleke nabo kwa Mama Gertrude. Ongeza munkoyo.

Huku biashara iko inatembea. Nilimuuliza Suzanne: «Lundo iko namna gani?» Akasema: «Lundo iko inapanda vile vile.» Aliniangalia kidogo, sawa anataka kusema kintu, halafu akasema koti yangu inapendeza. Yaya! Koti! Nilirudi ku nyumba na njia ya murefu juu bantu baione.

Sasa bananiita patron. Ku barrière basoda bananiita patron. Ata mbwa ya jirani haibweke tena.

Mudogo yako mwenye mato ine, na ya shemeki tano,
Barnabé

*

Kisunka, tarehe 11 mwezi ya tisa 1962

Mudogo yangu,

Nyavu ilifika. Bantu balifika. Ule wa kuimba nilimusikia mbele ya camion kusimama.

Aksanti. Nasema aksanti na roho yote, juu najua ulifikiria siye.

Hapa tuko salama. Batoto beko muzima. Adrien anakohoa kidogo. Bantu yako banajua kazi, habalale. Saa samaki inakataa kuingia mu wavu, banafanya kutumpula: banapiga mayi na fimbo, pwa, pwa, pwa, samaki iogope ikimbilie mu nylon. Kutwa muzima ni ile sauti. Kuku yangu iliacha kutaga.

Mama Gertrude anapitaka mbele ya kichanja yangu, hanisalimie. Labda ni lile sikio.

Ile koti, ni ile ya baba? Uishone kiwiko.

Émérence

*

Kisunka, tarehe 14 mwezi ya kumi 1962

Kwa shemeki Barnabé,

Ni minye Adrien. Dada yako hajue kama naandika. Alinikataza. Ukimujibu, ufanye sawa umejua kwa upepo.

Shemeki, ni hivi. Samaki iko inaisha. Haijaisha bado, iko inaisha. Siye ba hapa tulikuwa na bwato moya kila nyumba, na ilitosha. Bantu bengine balipoona ya kwako, nabo bakaita bandugu ya town, kila nyumba mbili, tatu. Sasa mato imejaa pa kivuko, asubui tunagongana sawa mbuzi, na mangaribi kila moya anarudi na kitunga nusu. Siku ingine minye natupa wavu mara nyingi kuliko baba yangu alivyotupa mu juma muzima, na napata ya kuliisha paka.

Bantu balikutana. Ikakatwa hivi: nyumba moya, bwato moya, mato ya kupita ile moya itoke. Na nylon ya majicho mudogo itoke. Na mvua ikianguka muzuri, fasi ya majani kwenye samaki inazaliaka ifungwe, muntu asiingie, ata Mama Gertrude mwenyewe. Bale bengine balikubali kurudisha bandugu yao.

Mama Gertrude akageuka: «Émérence, ile mato ine ya town, ni ya nani?» Dada yako akasimama: «Ni bantu yangu.» Angeweza kusema ni ya Barnabé. Hakusema. Basi balimupa mpaka Mwaka Mupya. Ikipita, kichanja inavunjwa na siye tunatoka pa Kisunka. Kwenda wapi, sijue.

Nilimuambia: andikia mudogo yako. Akanijibu, na minye nakupatia vile alisema: «Barnabé hakuitwaka patron na muntu mu maisha yake. Muache akule kidogo ile jina.»

Shemeki, usikasirike. Fanya kintu.

Adrien

*

Likasi, tarehe 5 mwezi ya kumi na moya 1962

Yaya,

Upepo ulipita huku, ukaniambia mambo. Usimupigie Adrien kelele, ulikuwa ni upepo mwenye kikohozi.

Nilienda ku soko na ile koti. Nikamuambia Suzanne: «Lakini lundo iko inapanda bado!» Akaacha kazi, akasema: «Barnabé, weye unaangaliaka urefu ya lundo. Minye naangaliaka mikono yangu. Zamani niliweka samaki moya huku, moya kule, moya juu, lundo ilishasimama. Sasa napanga sawa nachagua maharagi. Mama banafika kwao, banapika, mu sufuria inabakia mifupa na mayi.»

Nikamuuliza: «Juu ya nini haukuniambia?»

«Ulikuwa unafurahi sana. Na minye nilikuwa nafurahi kukuangalia.»

Yaya, angalia ile bahati yangu mubaya: bantu yote bananipenda, njo maana hakuna ata moya ananiambia kweli. Uliandika «ufikiri kidogo», minye nikafikiri mingi, njo ikaharibika. Nilizania tunakosa nyavu. Kumbe nyavu ilizidi, samaki njo ilikosa.

Nilituma maneno kwa Urbain: toeni mato. Akanijibu na camion, kwa kinywa ya chauffeur, mbele ya bantu: «Patron aniambie naenda wapi.» Ni hivyo tu. Minye nilizania nilimupa bwato. Kumbe nilimupa bukari, ile ugali ya batoto yake, na sasa nafunika sufuria. Kuongeza mato ilikuwa mambo ya asubui moya. Kuipunguza, sijue naanza na muntu gani.

Nakuya. Usipike kintu. Na kichanja yako haitavunjwa, ata kama nilale chini yake.

Barnabé

*

Kisunka, tarehe 16 mwezi ya kumi na mbili 1962

Mudogo yangu,

Tangu ulirudi Likasi batoto banauliza kama ulikuwa mugonjwa. Nikabaambia hapana, Directeur alikuwa anafikiri, hajazoea.

Ile siku Mama Gertrude alikuingiza mu majani na bwato yake, nilibakia pa kivuko naogopa. Ulirudi kimya. Minye sijaonaka weye kimya, ata ulipokuwa na surua uliongea. Nikamuuliza: «Mama, ulimuonyesha nini?» Akajibu, pwani yote ikasikia: «Mayi! Ni ile tu iko ndani!»

Halafu ulikunja nylon na mikono yako, ukaifunga, ukaipandisha mu camion, na Urbain akakataa kukupatia mukono. Najua ilikuumiza. Lakini usizanie ni muntu mubaya. Juzi mvua ilitoboa nyumba yetu, yeye njo alipanda kuziba, anapiga misumari na anakutukana, misumari na matusi, mpaka kazi ikaisha muzuri.

Shida ni hii: mato iko bado. Urbain na bale bengine baliitoa mu mayi, bakaigeuza tumbo juu pa mchanga, na banaikalia kutwa. Nilimuambia Mama Gertrude: «Angalia, balishaacha.» Akaniambia: «Émérence, usinifanye mutoto. Siku bana ya Urbain batalia njala, kesho yake ile mato iko mu mayi. Minye ningekuwa Urbain, ningefanya vile vile. Itoke hapa.» Eko na haki, mudogo. Minye mwenyewe, saa nafikiria batoto yake, nataka kumusukumia bwato.

Mwaka Mupya iko karibu. Nimeanza kukunja bilago, mikeka yetu, polepole, Adrien asione. Usikuye tena na njia, bantu banasema vita inarudi. Kaa Likasi. Noeli muzuri. Mwambie Suzanne nilimupenda kwa ile maneno ya maharagi.

Yaya yako,
Émérence

*

Ku Lufira, pa daraja yenye haiko, tarehe 9 mwezi ya kwanza 1963

Yaya! Yaya! Yaya!

Naandika juu ya goti, bwato inatikisika, usitafute mustari.

Mulisikia mizinga, najua. Likasi tulilala chini ya bitanda, Suzanne na mama yake chini ya moya, minye chini ya meza, juu ya heshima. Basoda ba ONU bakaingia, tukatoka tukajipapasa: mikono iko, miguu iko. Halafu bantu bakaanza kusema: daraja ya Lufira, ile muto yenye inaingia mu lac yenu, daraja ya barabara ya Élisabethville, ilivunjika. Bengine balilia. Minye nikashika kichwa, nikasema: mayi iko katikati, bantu beko huku na bantu beko kule, na mudogo ya Émérence eko na mato ine imelala pa mchanga!

Nilipata muntu wa kinga, wa baiskeli, nikamupa koti yangu (ndiyo, ile ya baba, na kiwiko yake), akapiga kinga mpaka Kisunka. Weye ulimuona. Barua ilikuwa maneno mudogo: «Urbain, pandisha mato yote, fuata Lufira mpaka pa daraja, na mito ya kupondea yote.» Nilikosea, nilitaka kusema miti. Alielewa.

Yaya, nilikala pa mayi namungojea, najiambia hatakuya. Mayi imejaa, inashuka na nguvu. Halafu nikasikia muntu anaimba vibaya. Ile siku niliona ile sauti tamu! Bakatokea kwenye kona, mato ine, banasimama, banasukuma na miti, jasho sawa mvua. Urbain alifika mbele. Aliniangalia. «Barnabé,» akasema, «ningali nakukasirikia. Kamata kamba.»

Tangu ile saa tunavusha. Tulivusha mama moya na machine ya kushona, hakukubali kuiachilia, akaishika mu mapaja sawa mutoto. Tulivusha bwana arusi mwenye bibi eko ngambo, bwato ilichelewa, akataka kuogelea na kravati. Tulivusha muzee na kitanda yake, alilala juu yake katikati ya Lufira, akasema: «Pole pole, niko kwangu.» Hakuna muntu anauliza samaki. Urbain jana alicheka. Alipoona naona, akaacha.

Pa Kisunka mchanga iko wazi sasa, ao si vile? Niambie kichanja imesimama. Nilihesabu siku, najua ile tarehe ya Mwaka Mupya ilishapita. Niambie mbio.

Barnabé

*

Kisunka, tarehe 27 mwezi ya kwanza 1963

Barnabé wangu,

Imesimama.

Asubui ya Mwaka Mupya mato ilikuwa ingali pa mchanga, na bilago yetu imefungwa. Mama Gertrude alifika na shoka. Mizinga ilikuwa inalia mbali, akasikia na lile sikio muzima, akasema hakuna muntu anafukuzaka muntu siku sawa hii. Akaiweka shoka kwangu, akaenda. Halafu muntu wako wa kinga akafika, na Urbain hakungoja ata bukari.

Juzi Mama Gertrude alirudi kukamata shoka yake. Alikala pa kichanja kutwa. Fasi ya majani ilishafungwa. Ata Adrien aliweka bwato inje mpaka mvua ipunguke. Hakuna sauti ya fimbo mu mayi. Kichanja iko imara lakini haina kintu ya kukausha, nimeanika nguo ya bana juu yake. Tunakula bukari na sombe, ile majani ya muhogo, kesho sombe na bukari, bana banalalamika sawa ba avocat ku mahakama. Samaki yenye kukomaa haitaonekana leo, haitaonekana kesho. Mama Gertrude anasema tungojee mpaka ile tudogo ikuwe.

Saa ya kuaga aliniuliza, na safari hii alisema pole pole, njo ikanitisha: «Daraja itajengwa. Ile siku, bantu yako batarudi wapi na mato?»

 Minye nilisema ni bantu yangu, na nasema tena. Lakini jibu iko kwako, Barnabé. Bakinirudilia hapa, yote inaanza mupya, na hii mara shoka haitangoja.

Usinijibu na mzaha.

Émérence

*

Likasi, tarehe 20 mwezi ya pili 1963

Yaya,

Sitafanya mzaha. Itaniuma, lakini sitafanya.

Daraja ya muda iko inafika. Mwenye kusimamia kazi aliona Urbain anasimama mu mayi yenye nguvu sawa muntu anasimama mu jikoni yake, akamukamata ku kazi ya kupanga mbao, yeye na bandugu yake. Bale bengine, moya alipata kazi Kakanda. Ule wa kuimba alirudi kwa mama yake kulima, na mama alimupokea, sijue kama alimusikia.

Ikabakia mato. Bantu balikuya kwangu, bavuvi ya kivuko ingine, banataka kuikamata yote, ata kulipa mbuzi moya kwa kila bwato. Yaya, nilitamani. Unanijua. Usiku sikulala vizuri. Lakini mayi ni ile moya. Nikiipeleka kwa jirani, itakula samaki ya jirani, na samaki ya jirani ni shangazi ya samaki yenu.

Njo nilimuita Urbain. Nikamuambia: tuikate.  Nilikamata shoka kwanza, nikainua, akaninyanganya. «Ile niliyopandisha Lufira,» akasema, «muntu ingine asiiguse.» Akaikata yeye mwenyewe, pole pole, kutoka mbele mpaka nyuma. Alipomaliza akakala chini: «Ilikuwa bwato muzuri.» Nilikuwa na maneno ya kuchekesha tayari mu kinywa. Niliimeza. Nikakala pembeni yake mpaka jua ikaenda, halafu tukakata zile ingine pamoja. Mbao moya Suzanne aliikamata, anaiweka chini ya maharagi yenye anauzisha sasa ku soko. Ingine tuliipikia.

Basi jibu njo ile: habarudi na mato, sababu mato haiko tena. Umuambie Mama Gertrude kwa sauti, upande wa lile sikio muzima.

Jumamosi tunakuya, minye, Urbain na Suzanne, na camion ya makala. Urbain anataka kuangalia kama ile misumari yake ya nyumba ingali inashika. Weka sombe ku moto, ya bila samaki, ya mingi. Muntu akilalamika, muonyeshe minye.

Mudogo yako,
Barnabé